Mupira ya Tano

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitumikisha jina ya Mungu kwa kunyamazisha muntu mwenye alikuwa na haki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo batoto yangu bengine banaanza kuoa, na ile siku haijatoka mu roho yangu.

Chorale yetu ya muji wa Baraka ilialikwa kuimba ku Fizi, ku sikukuu ya kanisa. Tulipata jeep ya parokia na shofere wake, Papa Wilondja, muzee wa maneno kidogo. Bantu baliingia, mizigo ikaingia, lakini ngoma yetu kubwa ikakosa fasi. Nikaangalia nyuma, nikaona mupira ya secours, ile ya akiba, imelala pale, mupya, haina kazi.

"Papa, tutoe hii mupira, tuweke ngoma."

"Hapana, Feza. Ile haiko muzigo. Ile ni mugulu ya tano ya jeep."

"Tunaenda kumuimbia Mungu, Papa! Ama we hauna imani? Mungu atatulinda."

Bachoriste bakacheka. Mumoja akapiga kelele: "Papa Wilondja anaabudu mipira!" Muzee akainamisha kichwa. Niliona haya imemushika, na mi nikafurahi. Naungama hiyo mbele yako: nikafurahi. Akaishusha yeye mwenyewe, tukaiacha kwa mama yangu, mu lupango ya nyumba, karibu ya bakuku.

Tuliimba vizuri. Siwezi kudanganya, tuliimba vizuri sana.

Sasa, Yaya yangu Riziki, mukubwa wangu, alikuwa ameolewa kule Fizi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kesho yake asubui uchungu ikamushika. Infirmière, muuguzi wa pale, akamupima, akasema mutoto amelala vibaya ndani ya tumbo, bamupeleke mbio ku hopitali ya Baraka. Jeep ilikuwa pale. Nilimushukuru Mungu kwa sauti kwa sababu ya ile jeep! Tukamulalisha Yaya ndani, bengine bakabaki Fizi kungojea. Ngoma ilikuwa ingali nyuma, hakuna mwenye alikuwa na wakati ya kuishusha.

Mu muteremuko ya kwenda Baraka, jiwe ya makali ikapasula mupira ya nyuma mu mbavu. Haikuwa tundu ya kuziba, mwanangu. Ilikuwa kidonda ya kuingiza mukono. Papa Wilondja akaweka mawe ku mipira ingine jeep isitembee, akatoa kriki ya kuinua gari, akazunguka, akafungua mulango ya nyuma. Mukono yake ilienda yenyewe pale alizoea kukamata mupira. Ikagusa ngoma.

Nikapiga magoti mu mavumbi, nikaanza kusali kwa nguvu. Papa Wilondja akasema pole pole:

"Feza, simama. Ile sala Mungu aliijibu mbele we hujaisema. Jibu iko kwenu Baraka, bakuku banalala juu yake."

Ndani ya jeep Yaya aliuliza tu: "Tumefika?"

Moto moja, pikipiki, ikapita. Yaya hakuweza kukaa ku moto, mi njo nilipanda, niende kuleta mupira.

Kwetu, mama akatoka anafuta mikono. "Feza! Kumbe mumerudia? Na chorale?" Nikafukuza bakuku, nikabingirisha mupira mpaka ku njia. Muntu wa moto akaifunga nyuma yake, nikakaa juu yake. Mi mwenye kusali kila saa, kupanda yote ile sikupata neno hata moja. Nilishikilia tu.

Nilipofika ku jeep, bamama benye balitoka mu mashamba balikuwa bameshika bitenge kuzunguka jeep, bamufunike Yaya. Hakuwa analia tena. Papa Wilondja akaweka mupira, akakaza boulons, zile nati za mupira, moja moja. Tukateremuka.

Muganga aliokoa Yaya. Mutoto, mwanaume, hakulia. Muganga alisema neno moja: "Mumechelewa."

Bantu balimulaumu nani? Shofere. "Muzee gani anaenda Fizi bila secours?" Hakunitaja. Na mi nikanyamaza siku sita. Ku siku ya saba nikasimama mu kanisa, mbele ya chorale, mbele ya bwana ya Yaya, nikasema yote. Papa Wilondja alikuwa amekaa mu banc ya nyuma. Hakufurahi, hakukasirika. Aliniita tu inje, akaniambia: "Sasa unaweza kusali."

Yaya hakunitukana hata siku moja. Alizaa bengine, Mungu asifiwe. Lakini mpaka leo, mbele ya kupanda gari yoyote, anazunguka nyuma kwanza, anagusa mupira ya secours, kisha anapanda. Na mi nasimama pale, namungojea.

Mwanangu, sikia. Mwenye kujua kazi yake akikuambia hapana, usimujibu na jina ya Mungu. Imani haiko kutupa kitu yenye Mungu alishakupatia mu mikono. Na kama bantu banabebesha mwengine kosa yako, simama useme, hata magulu ikikataa. Usingojee siku sita kama mi.

Mungu akutangulie mu kila muteremuko. Na pale alikuwekea musaada mbele ya shida, akupe macho ya kuiona, na akunyime ulimi ya kuicheka. Amina.