Runinga ya Ishirini na Nne

Baba yangu, Jamleck, ametengeneza runinga mjini Nakuru kwa miaka ishirini na sita, na hajawahi kukubali kwamba kuna kazi nyingine ya maana duniani. Akipokea runinga mbovu hubandika selotepu mgongoni na kuandika jina la mwenyewe na namba ya simu. Kisha hapigi. Mteja anayeipenda runinga yake, husema, atakuja mwenyewe akikimbia.

Jumamosi nilipotoka chuoni Njoro kumwona, nilikuta rafu zimejaa hadi hakuna pa kuweka kikombe cha chai. Runinga ishirini na tatu, zote nzima!

"Baba, wenyewe wako wapi?"

"Watakuja."

Nilishikwa na hasira, nikaanza kupiga zile namba mimi mwenyewe.

"Boss, hiyo uza tu," alijibu mmoja aitwaye Kiplimo. "Siku hizi tunaona kila kitu kwa simu."

Nikampigia Chelagat. Huyu alikuwa ameleta yake akilia, eti hawezi kulala bila kipindi chake. Sasa alicheka mpaka akakohoa. "Woi, nilisahau hiyo kitu! Kipindi naangalia kwa simu nikikamua ng'ombe."

Nilipofika simu ya kumi, Baba alikuwa ameketi, bisibisi mkononi, macho yamemtoka.

"Na taarifa ya saa moja? Hiyo wanaonea wapi?"

Nilirudisha simu mfukoni. Baba alifunga duka mapema, na njiani alirudia jambo moja tu: "Kwangu angalau watu bado wanaangalia TV."

Tulimkuta Mama sebuleni, visikizi masikioni, akiichekea simu yake. Runinga ilikuwa pale pale ukutani, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma. Baba alikiondoa kitambaa, akabonyeza rimoti. Kimya. Akakagua soketi, akabonyeza tena.

"Nyakio, hii TV imekufa lini?"

Mama alitoa kisikizi kimoja. "Hiyo? Tangu Pasaka."

"Pasaka!" Tulikuwa mwezi wa nane. "Nyumba ya fundi! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeona, Baba Lynn. Si kila jioni unakaa hapo mbele yake?"

Baba aligeuka kukitazama kiti chake. Nami nilipigwa na butwaa, kwa sababu nilijua anachofanya kila jioni katika kiti kile. Huinamia simu yake, akitazama video za mafundi wa nchi za mbali wakifungua runinga. Hata mimi hunitumia zile nzuri.

Hakugomba. Aliishusha runinga taratibu, akatoa selotepu mfukoni, akaandika jina lake na namba yake, akaibandika mgongoni.

Jumatatu aliipeleka dukani, akaitengeneza kwa dakika kumi, akaipandisha rafuni juu ya zile nyingine. Sasa ni wiki ya tatu, na hakuna aliyeiulizia. Hata yeye.