Hodi Kwenye Chumba cha Picha

Salama, muuza karoti wa soko la Lushoto, ana mdomo usiojua likizo. Lakini akicheka tu, mkono unapanda kuficha meno. Yale ya juu yametangulia mbele tangu utotoni, na yamemchosha. Wateja humwona mchangamfu. Hawajui kicheko chake kimekaa kifungoni miaka yote hiyo.

Ndiyo maana aliposikia Daktari Klara wa meno anaweza kuyarudisha nyuma, hakungoja kuambiwa mara mbili. Daktari akamweleza: atafunga skrubu ndogo kwenye kaakaa, juu kinywani, iwe kigingi cha kuyavutia meno.

"Ila kigingi hakisimami kwenye udongo mwembamba," akasema. "Tupime kwanza unene wa mfupa. Mfupa usipotosha, dada yangu, sikudanganyi, skrubu haitashika."

Basi Salama akasimamishwa kwenye mashine ya eksirei, kidevu kimeegeshwa, meno yameuma kijiti. Yassir, mpiga picha, akamwonya asitikisike wala asiseme neno. Mashine ikaanza kumzunguka kichwa. Salama akatulia tuli, akimwomba Mungu kimoyomoyo.

"Hodi!" sauti ikaita nje ya mlango. Alikuwa Mzee Mbaraka, jirani yake, kaja kupigwa picha ya goti.

Sasa nani aliyelelewa na mama wa Kishambaa ataiacha hodi ya mzee ining'inie hewani?

"Karibu! Shikamoo, baba!" Salama akaitikia, na kijiti kikamtoka.

"Dada Salama!" Yassir akashika kichwa. "Unamkaribisha nani humu?"

Picha ikatoka na pua mbili. Yassir akaenda mlangoni. "Shikamoo, mzee wangu. Tafadhali, usipige hodi kwanza."

"Marahaba. Basi mwambie bado sijafika."

Picha ya pili ikatoka safi. Daktari Klara akaanza kupima kwenye skrini. "Huku nyuma mfupa ni mwembamba mno," akasema, na Salama akasogea kuchungulia. Daktari akasogeza mstari mbele kidogo, akapima tena, akatabasamu. "Hapa upo wa kutosha. Itashika!"

Salama akatoka mbio.

"Haya, sasa nimefika," akasema Mzee Mbaraka kwenye benchi.

"Shikamoo, baba!" Salama akaangua kicheko hadi wauguzi wakageuka.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akamkazia macho. "Kumbe una meno! Miaka yote hii nilidhani kibogoyo."

Salama akazidi kucheka, na mkono ukasahau kupanda.