Fundi Anayekaza kwa Vidole

Saa tatu asubuhi, kinachoonekana jikoni ni miguu miwili yenye soksi. Viatu vimeachwa mlangoni. Mwili uliobaki umejipenyeza chini ya sinki jeupe la kauri, na kutoka humo inasikika sauti ya mwanamke.

"Dada, usinisogezee spana. Nikiihitaji nitaiomba."

Huyo ni Mama Koki, fundi bomba wa miaka hamsini na mbili. Jina hilo amepewa na wateja, naye huliitikia haraka kuliko lile la kuzaliwa.

Sinki lenyewe limemzidi umri. Lilikuwa katika nyumba ya zamani iliyobomolewa kupisha barabara. Mwenye nyumba hii, mwalimu wa chekechea, aliwabembeleza wabomoaji wakalitoa zima, likasafiri juu ya godoro kama mgonjwa.

Hakulitaka liwe pambo. Mama yake mzazi alihamishwa kutoka nyumba ile, na tangu afike hapa hajakanyaga jikoni. Anakula anacholetewa, kisha anarudi chumbani.

"Mama hakuwa mtu wa kukaa," anasema mwalimu kwa sauti ya chini. "Kwenye sinki hili alituogesha sote sita. Likipasuka, sijui nitamrudishia nini kingine."

Mafundi wawili walilitazama wakaaga. Mmoja alishauri lipandwe maua. Mwingine alitaka kulizungushia saruji. Vifaa vya dukani vimetengenezwa kwa masinki membamba ya bati. Kauri hii ina unene wa vidole vitatu, hivyo shingo ya kutolea maji inaishia ndani ya tundu na nati haipati pa kushika.

Mama Koki aliitafuta shingo ndefu ya shaba kwa wauza vyuma chakavu mpaka viatu vikaomba radhi. Akaikuta kwa jirani yake mwenyewe, imegeuzwa komeo la banda la kuku.

"Nikampa komeo jipya, tukaachana kwa amani," anasema. "Kuku hawakulalamika."

Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe, bila yeyote kati yao kupanga hivyo. "Alikuwa ananiita nimshikie tochi. Nikawa namulika huku namkosoa. Siku moja akachoka, akasema, haya, lala wewe chini, mimi nimulike."

Mume alifariki miaka minne iliyopita. Simu yake iliendelea kuita. Watu waliuliza, "Fundi yupo?" naye akajibu, "Hayupo, nakuja mimi." Wengine walikata. Siku hizi wiki nzuri ina kazi tano, mbaya ina moja. Mfuko wa vifaa ni ule ule wa mumewe. Mkanda wake umekatika mara mbili, ameushona, na mfuko mwingine hataki kuusikia.

Wakati anavalisha washa ya mpira, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, bibi mwenye sinki, mama wa mwalimu, anatokea, ameshika mwimo wa mlango.

"Nani huyo kalala jikoni kwa watu?"

"Fundi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi gani anafanya kazi amelala?"

"Waliosimama walikimbia, mama."

Bibi anaguna. Haondoki.

Maji yanafunguliwa, sinki linajaa nusu, kizibo kinang'olewa. Yanashuka vizuri. Kisha, chini ya nati, linaning'inia tone. Linadondoka. Linafuata jingine.

"Kaza, dada! Kaza!" Mwalimu ameshaiokota spana.

Mama Koki analegeza.

"Unafanya nini?"

"Mpira umekimbilia upande mmoja. Nikikaza sasa, utasikia kauri inalia ta! Halafu wote tutaangaliana."

Anaushusha mpira, anaukausha kwa upindo wa khanga yake, anaurudisha polepole huku amefumba macho, akiusikilizia kwa ncha za vidole. Nati anaizungusha kwa mkono mtupu mpaka inapogoma. Hapo anaiacha. Maji yanajazwa tena, yanaachiwa tena. Anapitisha kipande cha gazeti chini ya nati na kumwonyesha mwalimu. Kikavu.

"Na lile tundu la juu?" bibi anauliza. "Lilikuwa linakoroma."

Wanajaza sinki hadi juu. Maji yanaingia kwenye tundu dogo la pembeni, yanapita ndani ya ukuta wa kauri, na sinki linakoroma, nene na refu, kama mzee aliyeshiba.

Bibi anasogea hadi kwenye sinki. Anausugua ukingo kwa kiganja.

"Ndilo lenyewe," anasema. Kisha anageukia kabati. "Hivi vikombe kaosha nani? Nipisheni."

Mwalimu anapisha, anatazama dirishani.

Nje, Mama Koki anavaa viatu na kueleza mpango wake. Wifi yake amempa nusu ya uwanja wa nyumba yake, naye anataka kukusanya masinki ya kale, ayafunge vifaa yeye mwenyewe, ayauze yakiwa tayari kutumika. Kuna jengo linabomolewa mwezi ujao, lina saba.

"Nimemwambia msimamizi, nyundo zisiguse mpaka nifike. Watu wanayavunja kwa kuwa hawajui kama yanafungika."

Haogopi kwamba moja litampasukia mkononi?

"Litapasuka, sikatai," anajibu, akitupia mfuko begani, huku vikombe vikigongana jikoni. "Lakini si hili."