Bakuli Lisilo na Giligilani

Muuza tambi wa sokoni kwetu hakuulizi unataka nini. Hukutupia jicho moja katikati ya mvuke, akavuta pua, na mkono ukajiendea wenyewe kwenye pilipili. Nyoa, nenepa, vimba shavu kwa jino bovu, bakuli lako ni lilelile.

Juzi Anuwat alirudi kutoka miezi mitatu ya utawa mlimani, kama vijana wetu wafanyavyo kabla ya kuoa. Kichwa kipara, nyusi zimenyolewa, akaketi kando ya mchumba wake kwenye benchi la muuza tambi.

"Samahani, kaka," binti akasema, "hapo nimemwekea mtu."

Muuza tambi akamsogezea Anuwat bakuli lisilo na giligilani, lilelile la siku zote.

"Kula, mwanangu. Kumbe huyu alichumbiwa na nyusi."