Alama ya Kijani Iliyofika Kabla ya Mashua

Nilisoma masomo ya jioni kule mtaa wa Simi-Simi, katika darasa lenye mbu wengi hivi kwamba kama diploma ingetolewa kwa mahudhurio, wao wangeshika nafasi ya kwanza hadi ya mia. Nikatoka msanifu wa wingu. Habari za watu zinatunzwa kwenye mashine za mbali, ng'ambo ya bahari, nami napanga zifikeje huko, zirudije, na kipi tukubali kukikosa ili tupate kingine. Maana vyote hupati. Ukitaka upesi, uhakika unakonda.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja, mfanyabiashara kutoka Kivu, mwenye mashua ndefu za mbao zinazoshuka mto hadi Barumbu na Basoko. Alitaka ndugu wa abiria waone kwenye simu kama mtu wao amefika. Kila bandari tukaweka karani wa kuandika nani ameshuka. Lakini Barumbu rezo, mtandao wa simu, hulala siku nzima kama mamba aliyeshiba. Nikapima. Tukimsubiri karani, ukurasa utabaki mtupu na watu watatupigia kelele. Tukifunga chombo cha satelaiti mashuani, mama alisema kitamaliza mafuta kabla ya injini. Au mashine ikisie yenyewe: safari ni siku mbili, zikipita, itoe alama ya kijani, "Amefika".

Nikachagua kukisia. Mama aliipenda kijani ile kuliko wajukuu wake.

Asubuhi moja ya manyunyu nilikuwa bandarini kwetu, mashua zinakoanzia safari, na kompyuta magotini. Ukungu ulikuwa umeufunika mto, na ng'ambo yote imefutika. Pirogi, mitumbwi yetu ya mti mmoja, zilitokea kutoka mahali pasipoonekana, zikapita bila sauti, zikayeyuka. Nilikuwa karibu kuyeyuka nazo alipokuja baba mmoja, papa kwa lugha ya kwetu, anayebeba watu kwa baiskeli, toleka yake imechakaa kuliko mji. Mke wake, mimba ya miezi minane, alikuwa ameteremka mto na mashua yetu kwenda kujifungulia kwa mama yake Barumbu.

"Tonton, angalia! Muke yangu amefika!" Akaibusu simu. "Shemeji yangu iko Isangi na pirogi ya mota. Mashua ilipita pale inakohoa, alitaka kuifuata. Sasa ninamwambia arudi kwake."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye namba.

"Papa, ngoja. Usimwambie arudi."

"Juu ya nini?"

"Ile kijani hakuna mutu aliyeiandika. Mashine imekisia. Miye ndiye niliifundisha kukisia."

Aliishusha simu polepole hivi kwamba naweza kuapa miti ilikua.

"Donc muke yangu amefika ndani ya kichwa yako."

"Ndiyo, papa."

"Na kichwa yako haina hata kitanda ya kuzalia!"

Akampigia shemeji: ondoka sasa hivi. Kisha akaketi juu ya mzigo wa kwanga, ile mikate ya muhogo, mgongo kwangu.

Pale pale nikaifuta kijani. Nikaweka kijivu na maneno haya: "Alionekana mwisho Isangi. Baada ya hapo hatujui." Mama mwenye mashua akaja mbio na mwavuli.

"Bon, nani atalipa nauli ili aone kijivu?"

"Yule asiyetaka kudanganywa, mama."

Akaguna. Lakini alimwona yule papa alivyokaa, akaenda kumfunika kwa mwavuli.

Mchana ukasogea polepole, kama magugu-maji yanayoelea. Ukungu ulipanda, mto ukarudi, mpana na mweupe, na kila kitu cheusi juu ya maji nilikiona ni mashua. Nadhani nilizeeka miaka arobaini.

Simu ilipolia, papa aliiangusha mara mbili. Tulisikia mota, maji, kisha sauti ya mwanamke anayegomba kwa afya yake yote. Mashua ilikuwa imekwama kwenye mchanga tangu jana; shemeji amewakuta, amempakia kwenye pirogi yake. Papa alicheka huku machozi yakishuka, halafu akanibandika simu sikioni.

"Muambie uliandika nini."

"Mama, tuliandika kwamba umefika."

"Nimefika fasi gani? Juu ya mchanga?" Akavuta pumzi. "Andika niko njiani."

Nikaandika.