Kengele ya Punda wa Bibi

Mwaka jana nilikuwa safarini kwenda Iringa, basi likasimama kidogo Mtera, na kabla sijanyoosha miguu vizuri nikasikia kengele. Ilikuwa kengele ndogo ya shaba iliyopasuka ukingoni, kwa hiyo sauti yake haikulia wazi, ilikwaruza. Ilikuwa imefungwa kwenye mlango wa kibanda cha samaki ng'ambo ya barabara, na kila mteja aliyeingia aliiamsha. Abiria wenzangu walikwenda kutafuta soda na mahindi ya kuchoma. Mimi nilibaki nimesimama na mkoba mkononi, machozi yananilengalenga, maana kengele ile ilikuwa ya punda wetu.

Ngoja nikueleze taratibu, nisije nikakuacha njiani. Siku hizi naishi Miyuji, hapa Dodoma mjini, nina bomba la maji ndani na jirani mwenye redio isiyolala. Lakini nililelewa na bibi mzaa mama katika kijiji kimoja ndani kabisa ya Mpwapwa, na bibi huyo alikuwa kiongozi wa msafara. Usicheke, msafara wenyewe kabisa. Kila mwaka baada ya mavuno, akina mama wa kijiji walileta mizigo yao uani kwetu: karanga, uwele, asali, ubuyu, na mlenda uliokaushwa ukatwangwa hadi ukawa unga. Vyote vilipakiwa kwenye sogi, ile mifuko mikubwa inayoning'inia ubavuni mwa punda, na tukashika njia ya bwawani Mtera kwenda kubadilishana na samaki wakavu. Bibi alipenda kutukumbusha kwamba wapagazi wa zamani walifika Mpwapwa na mizigo yao vichwani, wakapumzika, wakaendelea hadi pwani kwa miguu. Sembuse sisi wenye punda, alisema.

Tulitembea asubuhi na jioni. Jua likiwa kali tulijilaza kwenye vivuli vya migunga, punda wakitafuna chochote walichokuta. Mjomba wangu, mwana wa mwisho wa bibi, alikaa nyuma akiwaswaga punda wavivu. Mimi nilikuwa mbele. Nilishika kamba ya punda jike mzee aliyevaa kengele, naye ndiye aliyeijua njia, mimi nilijifanya tu namwongoza. Mavumbi yalituingia mpaka kwenye meno. Lakini tulipotua, bibi akasonga ugali wa uwele na kukoroga mlenda, ulikula ukasahau kama una miguu.

Bwawa lilitufikia puani kabla ya macho, kwa harufu ya moshi na samaki. Hapo bibi alisimamisha msafara, akajifunga kitenge upya, akaniamuru niitikise kengele. Kambi nzima ya wavuvi ilitoka nje, na matusi yakaanza. Unajua sisi Wagogo na Wahehe ni watani: wao hutuita ombaomba, sisi huwaita wala mbwa. "Ombaomba wamefika, ficheni vyungu," walipiga kelele. Bibi alijibu kwamba mbwa wetu tumewaacha nyumbani kwa makusudi, maana tunajua wenyeji wetu wana njaa gani. Tena mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na kukasirika ni aibu. Unachoweza ni kungoja zamu yako, nawe uchukue chake.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja wa Kihehe, mnene, mwenye vichanja vikubwa kuliko vyote vya kukaushia samaki. Bibi alimwita Mtani, nasi sote tukamwita hivyo. Kwake tulikaa siku nyingi bila haraka yoyote. Bibi hakuruhusu mtu kutaja biashara kabla punda hawajapumzika na wageni hawajashiba. Tulikula perege wa kubanika wenye limau na pilipili, tukalamba vidole. Binti wa Mtani, rika langu, alinifundisha kuparua magamba na akanicheka kwa kuogopa maji. Jioni bibi na wenzake walibana ngoma zao kati ya magoti wakazipiga, na wavuvi waliacha nyavu wakaja kuangalia wanawake wanaopiga ngoma namna ile. Mimi nilijisikia mtoto wa watu wakubwa.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilitukimbia. Uwele ulikauka ukiwa mdogo, karanga hazikupatikana hata za mbegu. Akina mama walileta walichonacho, ubuyu na mlenda wa porini, na sogi nyingi zikabaki zimelegea. Kijiji kizima kilikuwa kinawategemea samaki wale kuvuka kiangazi. Watu walimshauri bibi akawaeleze Wahehe shida yetu, watatuonea huruma. Bibi aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Kwenda nitakwenda," alisema. "Kuomba siombi."

Tulikwenda, tukapokelewa, tukatukanwa vizuri kama kawaida, tukapumzika. Asubuhi ya kuondoka tulitandaza vitu vyetu, na kabla jua halijapanda vilikuwa vimekwisha. Samaki tuliopata hawakujaza hata sogi za punda mmoja. Bibi alianza kukaza kamba, hata za sogi tupu.

Mjomba alishindwa kuvumilia. Alivua kofia, akamsogelea Mtani mbele ya kambi nzima, akainama kidogo. "Mama, shikamoo," alisema. "Mwaka huu kwetu..."

Shikamoo yake haikuitikiwa. Mtani alimpita kwa haraka ambayo usingeitegemea kwa mwili ule, akaja hadi kwa punda wangu, akaivuta kengele shingoni kwa nguvu hata kamba ikakatika. Kengele iliangukia jiwe, ikapasuka. Aliiokota akaiinua juu.

"Wagogo mmenijazia kambi mavi ya punda, halafu mnataka kuondoka bure? Hii ni yangu."

Mtani alimtazama bibi, bibi akamtazama Mtani, na mjomba akabaki katikati na kofia yake mkononi. Halafu niliona uso wa bibi ukifunguka. Aliweka fimbo chini, akampita mwenyeji wake bila kumgusa, akaenda moja kwa moja kwenye vichanja na kuanza kushusha samaki.

"Umeniibia kengele, mla mbwa wewe," alisema. "Leo utanitambua."

"Jamani, mwizi! Mgogo ananimaliza!" Mtani alilia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bwawa, huku mkono wake mwenyewe ukishika mdomo wa sogi ili kambale waingie vizuri.

Punda wote waliondoka wamejaa. Njiani mjomba aliuliza kwa woga kama hatujachukua kupita kiasi. "Kwani nimeomba?" bibi akamuuliza, na akacheka mpaka akajishika kiuno. Nyumbani kila aliyetoa mzigo alipata fungu lake, na hakuna aliyesema tumepewa sadaka. Miaka ya neema ilirudi, tukaenda tena na karanga tele, lakini bibi hakuidai kengele yake. Nilipomuuliza, alisema siku Mtani atakayoirudisha, wao wawili watakuwa wamemalizana.

Bibi alishafariki, na Mtani pia. Punda waliuzwa malori yalipoanza kufika kijijini, na ile njia yetu imefunikwa na miiba, hata mjomba anasema hawezi kuionyesha. Samaki wa Mtera nawanunua sokoni Dodoma, napima, nalipa, naondoka, na muuzaji hanijui. Nikiwa chuoni Dar es Salaam wenzangu waliniita ombaomba, nami nilicheka nao, lakini moyoni nilijua nimetoka kwa mwanamke gani.

Basi, nilivuka barabara, nikausukuma mlango wa kile kibanda chenye kengele. Ndani alikuwa mwanamke wa rika langu, magamba yamemganda hadi viwikoni.

"Mbukwenyi," nilimsalimu kwa Kigogo.

"Kamwene," alijibu kwa Kihehe, kisha akaacha kisu. Alinisogelea, akanishika mashavu kwa mikono ile ile ya samaki. "Mmechelewa sana. Mama alisema mtakuja tu."

Alivuta kigoda, akapanda kuifungua kengele. Alisema ni yetu, niichukue, mama yake aliitunza miaka yote. Nilimshika mkono nikamshusha.

"Iache hapo hapo," nilimwambia.

Nilichagua fungu nene kuliko yote la kambale wakavu, nikalibana kwapani, nikatoka bila kuaga. Nilikuwa nimefika katikati ya barabara aliponielewa.

"Jamani, mwizi! Mgogo ameniibia!"

Stendi nzima iligeuka. Nilipanda basi kichwa juu, nikakaa dirishani nikimwona anavyocheka huku akijifuta machozi kwa kanga. Konda alikuja mbio akiuliza kuna nini, na kama amwite polisi. Nilimwambia asihangaike, yule ni mtani wangu, na sasa zamu ni yake.