Majani Matatu ya Mubirizi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo naitolea shukrani ninaposali. Mlima ulikuwa umetapika moto, waasi wamefunga barabara, nasi tuliokimbia Kibumba tulikuwa kambini Mugunga, juu ya mawe. Mdogo wangu Riziki alikuwa akiungua kwa homa. Dispanseri ilikuwa ng'ambo ya kizuizi cha askari.

Jirani yetu Mama Sifa, mzee aliyejua majani, akaniambia, "Leta mubirizi, ile muti ya majani machungu. Majani tatu tu, tukamue mu glasi moja ya maji. Unasikia, mutoto?"

Nilisikia, ila sikutii. Nikawaza: kama matatu yanatuliza homa, gunia litaifukuza kabisa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nikabeba gunia, nikatoka kambini. Ndani ya shimo pana kati ya mawe nikaona mubirizi umestawi ajabu, haujachumwa na mtu. Hilo pekee lingetosha kunishtua. Majani ya juu yalijaa majivu, basi nikainama kuchuma ya chini.

Kimya. Hapakuwa na hata inzi. Kando yangu mbuzi alilala macho wazi, jani bado mdomoni. Nikamsukuma kwa mguu; hakuamka. Nikainama tena kuchuma. Usingizi mtamu ukanijia, na sauti ya Riziki ikaniita kutoka chini ya mawe, ingawa nilimwacha hemani.

"Simama! Kichwa juu! Ni mazuku!"

Mama Sifa, aliyenifuata alipoona nimebeba gunia, alikuwa ukingoni mwa shimo. Nikajikokota hadi kwake. Mazuku, mwanangu, ni hewa mbaya itokayo ardhini. Hujaa mashimoni kama maji yasiyoonekana, na anayeinama huzama.

"Nilikutuma majani tatu," akasema. "Gunia ni ya nini? Unaenda kuuzishia wafu?"

Alihesabu matatu kutoka mkononi mwangu, mengine akayatupa. Riziki alikunja uso, akanywa. Homa ikapungua kidogo, na kesho yake njia ilipofunguka tukambeba hadi dispanseri. "Jani ni ya kutufikisha kwa munganga wa dispanseri," alisema Mama Sifa, "si ya kumupokonya kazi."

Mwanangu, Mungu ameficha nguvu ndani ya uchungu wa jani. Wenye elimu leo huitoa na kuipima tone kwa tone, kwa kuwa nguvu ile ile ikizidi huwa sumu. Usiseme, "Ni majani tu." Uliza kipimo, na mwambie munganga ulichokunywa.

Mungu akupe mkono wenye kiasi. Na siku utakapoinama pasipo na inzi, akuwekee mtu wa kukuita ukingoni.